Lango la bustani iliyotoweka na swali la nani mwenye ufuo

KWA miaka mingi baada ya 1969, msafiri aliyepita katika barabara ya Lake Shore, kaskazini-mashariki mwa jiji la Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, aliliona lango kubwa la upinde lililosimama peke yake kando ya njia. Maandishi juu yake yalitaja Euclid Beach Park. Lakini aliyepita chini ya upinde huo hakukuta bembea wala farasi wa mbao. Alikuta majengo marefu ya makazi, miti mikuukuu na, mbele zaidi, maji ya Ziwa Erie.

Lango hilo lilikuwa la kuingilia bustani ya burudani iliyofunguliwa 1895 na kufungwa Septemba 28, 1969. Kwa vizazi vitatu, watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Cleveland walihesabu siku wakingoja kupelekwa huko. Jiji liliuona upinde huo kuwa na thamani kiasi cha kuutangaza turathi rasmi mnamo 1973.

Historia ya bustani hiyo husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaoikumbuka kama mahali pa usafi na adabu, ambapo familia iliingia bila kulipa kiingilio na kutumia siku nzima kwa fedha kidogo. Wako pia wanaoikumbuka kama mahali ambapo wazazi wao walifukuzwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Masimulizi yote mawili ni ya kweli. Lisilo la kweli ni dai ambalo limekuwa likichomekwa katikati yake: kwamba bustani ilikufa kwa sababu milango ilifunguliwa kwa watu wote.

Dai hilo linastahili kupimwa, maana ufuo uliokuwa na bustani hiyo bado unagombaniwa hadi leo, na kila mara unapogombaniwa kumbukumbu ya zamani hutumiwa kama hoja.

Familia ya wauza bisi

Waanzilishi wa Euclid Beach walikuwa wafanyabiashara watano wa Cleveland walioandikisha kampuni yao mnamo 1894. Walichagua kipande cha ufuo kilicho kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, nao waliiga Coney Island ya New York, iliyokuwa ikivuma wakati huo. Waliweka bustani ya bia, michezo ya kubahatisha na maonyesho ya vioja. Haikuchukua muda kabla ya sifa ya mahali hapo kuchafuka na hesabu kuanza kuonyesha hasara.

Miongoni mwa waliokuwa na kibanda humo ni familia ya Humphrey, watu waliotoka shambani baada ya kufilisika katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1890. Walijipatia riziki kwa kuuza bisi mjini Cleveland. Kibanda chao cha Euclid Beach walikiacha kwa kuchukizwa na ulevi na fujo walizoziona. Mnamo 1901, wenye bustani waliposhindwa kuiendesha, familia hiyo hiyo ilirudi na kuichukua yote.

Dudley Humphrey, aliyekuwa kichwa cha familia, aliweka masharti matatu yaliyogeuka kuwa tangazo la biashara: nauli moja ya tramu, lango lisilo na kiingilio, na bia marufuku. Mlevi hakuruhusiwa kuingia. Aliyevaa kinyume cha heshima, kwa kipimo cha enzi hizo, alirudishwa. Bustani ilikuwa na walinzi wake wenyewe, waliokuwa na mamlaka ya kumtoa yeyote aliyeonekana kuvuruga.

Mpango huo ulifaulu kwa sababu ulielewa uchumi wa mtu wa kawaida. Mfanyakazi asiyekuwa na gari alipanda tramu pamoja na wanawe, akaingia bure, akaketi chini ya miti na chakula alichobeba kutoka nyumbani. Kama alikuwa na senti za ziada, alinunua tikiti za michezo mmoja mmoja. Kama hakuwa nazo, ziwa lilikuwa pale pale na kulitazama hakukugharimu chochote.

Mnamo Agosti 31, 1910, rubani Glenn Curtiss aliruka na ndege yake kutoka ufuo wa Euclid Beach hadi Cedar Point, karibu na mji wa Sandusky, safari ya takriban kilomita 100 kufuata Ziwa Erie. Wakati huo, ndege ilikuwa kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukiona kwa macho. Mwaka huo huo bustani ilipata jukwaa la kuzunguka lenye farasi wa mbao waliochongwa na kampuni moja ya Philadelphia.

Baadaye zikafuata reli za mbao zilizobeba vigari hadi kileleni na kuviachia viporomoke kwa kasi huku abiria wakipiga mayowe. Ile ya 1913 ilikuwa na vigari viwili vilivyoshindana sambamba. Ile iliyoitwa Thriller ilijengwa 1924. Mnamo 1930 ukaja mchezo wa Flying Turns, ambao vigari vyake havikushikwa na reli bali viliteleza ndani ya mfereji wa mbao, vikiyumba kuta hadi kuta kwenye kila kona. Kulikuwa pia na ukumbi mkubwa wa densi, ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, mahali pa kuogelea na gati lililoingia ziwani.

Bure kwa nani?

Wakati bustani ikistawi, sura ya jiji ilikuwa ikibadilika. Mnamo 1910, Cleveland ilikuwa na Wamarekani Weusi wapatao 8,400. Viwanda viliita watu kutoka kusini mwa nchi, nao watu walikuja, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi. Kufikia 1930 walikuwa karibu 72,000. Kufikia 1960 walikuwa wamepita 250,000, yaani zaidi ya robo ya wakazi wa jiji.

Watu hao walifanya kazi katika viwanda vile vile na kulipa nauli ile ile ya tramu. Walipofika Euclid Beach, walikuta kwamba lango la bure lilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa kwenye tangazo. Waliruhusiwa kuja siku maalum tu. Hata siku hizo, hawakuruhusiwa kucheza densi, kuteleza kwa viatu vya magurudumu wala kuoga pamoja na Wazungu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Ohio haikuwa Mississippi. Jimbo hilo lilikuwa na sheria dhidi ya ubaguzi katika maeneo ya umma tangu 1884, miaka 11 kabla ya bustani kufunguliwa. Kwa hivyo kilichofanyika Euclid Beach kilifanyika huku sheria ikiwa imeandikwa na kuhifadhiwa. Hapakuwa na bango lililosema Weusi hawatakiwi. Palikuwa na mlinzi aliyekuja na kusema kwamba wenzi hawa wawili hawawezi kucheza densi hapa, kisha akawaonyesha njia ya kutokea.

Hapo ndipo ile sifa ya adabu inapopata sura yake ya pili. Walinzi waliosifiwa kwa kuwatoa walevi ndio hao hao waliowatoa Weusi wasiokuwa na kosa. Kwa mwenye bustani, hatua zote mbili zilikuwa sehemu ya kazi moja, nayo ni kumhakikishia mteja Mzungu kwamba hatakutana na jambo la kumkera. Ukimya wa bustani hiyo, ambao wengi huukumbuka kwa mapenzi, ulikuwa na bei yake, na waliolipa bei hiyo hawakuwamo ndani.

Msimu wa 1946

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, wanajeshi Weusi walirudi makwao wakiwa wamepigana kwa jina la uhuru. Hawakuwa tayari kuambiwa ni siku gani wanaweza kufika ufuoni. Mnamo Julai 1946, kikundi cha vijana Weusi kwa Weupe waliofika Euclid Beach pamoja kilifukuzwa. Waandamanaji wakaanza kusimama langoni wakiwa na mabango.

Mwezi uliofuata ilikuja zamu ya shirika la CORE, lililokuwa limeanzishwa Chicago mnamo 1942 na kuamini katika kupinga ubaguzi bila kutumia nguvu. Wanachama wake, Weusi na Weupe, waliingia pamoja na kujaribu kutumia ukumbi wa densi kama wateja wengine. Walitolewa, na mmoja wao aliyekuwa Mweusi akapigwa na mlinzi wa bustani.

Tukio lililotikisa jiji lilitokea Septemba 21. Wanachama wa CORE walikuwa wakitolewa tena, na askari polisi wawili Weusi wa Cleveland, ambao hawakuwa zamu siku hiyo, waliingilia kati. Purukushani ikazuka kati yao na walinzi wa bustani. Katika vurumai hiyo risasi ilifyatuka na kumjeruhi mmoja wa askari hao.

Polisi wa jiji kujeruhiwa katika mvutano na walinzi wa kampuni binafsi lilikuwa jambo ambalo hata wasiojali haki za Weusi hawangeweza kulipuuza. Bustani ilifungwa wiki moja kabla ya msimu kwisha. Katika baraza la jiji, Charles Carr, diwani Mweusi, alisukuma mswada wa kuwazuia wenye bustani za burudani kubagua wateja. Mswada huo ulipitishwa mapema 1947. Mara hii sheria iligusa mahali panapouma, kwani aliyeivunja alihatarisha leseni yake ya biashara.

Ndipo ikaja hila. Msimu mpya ulipofunguliwa, ukumbi wa densi ulikuwa umekodishwa kwa klabu ya faragha. Klabu si eneo la umma, na uanachama hutolewa kwa hiari ya wenye klabu. Kwa njia hiyo Mmarekani Mweusi aliweza sasa kupanda Thriller siku yoyote aliyotaka, ila muziki alibaki kuusikia kutoka nje.

Cleveland haikuwa peke yake katika hila za namna hiyo. Miji mingi ya Marekani iliyoshindwa mahakamani katika miaka iliyofuata iligeuza mabwawa ya kuogelea ya umma kuwa ya klabu, au ikayafunga kabisa, ili yasitumiwe na watu wa rangi zote. Sheria ilipofungua mlango mmoja, mwenye mali alitafuta jina jipya la kuuita mlango uliobaki.

Nyama choma na uchaguzi

Katikati ya hali hiyo, bustani iliendelea kuwa uwanja muhimu wa siasa. Chama cha Democratic cha eneo hilo kilikuwa na desturi ya kufanya huko karamu ya nyama choma ya fahali, na hakuna mgombeaji aliyetaka kura za Ohio aliyeweza kuidharau. Mnamo Septemba 25, 1960, aliyehutubia maelfu ya watu katika karamu hiyo alikuwa Seneta John Kennedy. Kesho yake alikuwa Chicago kwa mdahalo wa kwanza wa televisheni kati yake na Richard Nixon.

Wasomaji wa humu nchini watakumbuka mwezi huo kwa sababu nyingine. Mnamo Julai mwaka huo, Tom Mboya alikuwa amekutana na Kennedy kumwomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Septemba ndio mwezi ambao ndege za awamu hiyo zilikuwa zikiwafikisha vijana hao Marekani. Walikwenda kusoma katika nchi ambayo seneta aliyewasaidia alikuwa akitafuta kura kwenye ufuo ambapo, miaka 14 nyuma, kijana mwenye rangi kama yao angeweza kutupwa nje kwa kuingia katika densi.

Kilichoiua

Sasa turudi kwenye dai lililotajwa mwanzoni. Kama kufunguliwa kwa milango kungalikuwa ndiko kulikoiua bustani, basi kifo hicho kilichukua muda mrefu mno. Baada ya sheria ya 1947, Euclid Beach iliendeshwa kwa misimu 23.

Sababu zilizoiangusha zinaonekana wazi kwa anayezitafuta. Ya kwanza ni usafiri. Bustani ilijengwa juu ya nauli ya tramu, na tramu ya mwisho ya Cleveland iliondolewa Januari 1954. Mwenye gari hakuhitaji kwenda mahali ambapo tramu ilikomea. Barabara kuu mpya zilimpeleka mbali zaidi, na mahitaji yake ya kwanza yakawa ni uwanja wa kuegesha.

Pili, watu walihama. Cleveland ilikuwa na wakazi 914,808 mnamo 1950. Miaka 20 baadaye ilikuwa na 750,903. Waliohama kwenda vitongojini wengi wao walikuwa Wazungu wenye kipato, na walihama na fedha zao. Ni kweli kwamba rangi ilikuwa miongoni mwa sababu za kuhama. Hata hivyo, walikimbia mitaa na shule, wala hawakuhama kwa ajili ya bembea. Machafuko ya mtaa wa Hough mnamo Julai 1966, kisha ya Glenville mnamo Julai 1968, yaliongeza hofu ya waliokuwa wameshaanza kuondoka, licha ya kwamba jiji lilikuwa limeweka historia Novemba 1967 kwa kumchagua Carl Stokes, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa meya wa jiji kubwa nchini humo.

Tatu ni burudani yenyewe. Televisheni iliwaweka watu nyumbani. Disneyland, iliyofunguliwa California mnamo 1955, iliwafundisha watoto kutaka kitu kipya, chenye hadithi na wahusika wa filamu. Reli za mbao zilizojengwa 1913 na 1924 zilihitaji seremala kila msimu, na kila ubao uliobadilishwa uligharimu zaidi ya ule wa mwaka uliotangulia.

Nne, na pengine ndiyo iliyokuwa ya kusikitisha kuliko zote, ni ziwa. Euclid Beach ilikuwa imeuza hewa safi na maji ya kuoga. Kufikia miaka ya 1960, Ziwa Erie lilikuwa limejaa maji taka ya miji, fosforasi kutoka kwa sabuni na mbolea za mashambani, na uchafu wa viwanda. Mwani ulitanda na kuoza ufuoni. Magazeti yalisema ziwa linakufa. Mnamo Juni 22, 1969, mafuta na takataka juu ya mto Cuyahoga, unaoingia ziwani katika jiji hilo hilo, zilishika moto. Miezi mitatu baadaye Euclid Beach ilifunga lango lake kwa mara ya mwisho.

Viwanda vilivyowalipa mishahara wateja wa bustani ndivyo vilivyokuwa vikichafua maji waliyokuja kuyafurahia. Tamthilia hiyo haikuwa na mhusika Mweusi aliyekuja kuharibu kitu. Alipopata ruhusa ya kuingia, alikuta ziwa limekwisha chafuliwa.

Jirani aliyenusurika

Kilomita 100 hivi magharibi, ile Cedar Point aliyotua Curtiss mnamo 1910 ingali hai, na hupokea zaidi ya watu milioni tatu kwa mwaka. Ilikuwa nusura nayo itoweke. Mnamo 1956, wawekezaji walitangaza nia ya kuigeuza rasi hiyo kuwa eneo la makazi. Wananchi walipiga kelele, na serikali ya jimbo chini ya Gavana Frank Lausche ikaonya kwamba ingeweza kuinunua ardhi hiyo ili ibaki ya umma. Wawekezaji walibadili nia, wakaifufua bustani kwa michezo mipya.

Tofauti kati ya bustani hizo mbili haiko katika rangi za wateja wala adabu zao. Cedar Point ilikuwa na nafasi ya kuegesha magari, iliwavuta watu wa miji mingi kwa barabara kuu, na ilikuwa na serikali iliyosema neno kwa wakati. Euclid Beach ilibanwa ndani ya jiji lililokuwa likipungua, juu ya ardhi ambayo thamani yake kwa makazi ilizidi faida ya bisi na tikiti.

Hata ukubwa hauhakikishi maisha. Bustani ya Geauga Lake, iliyokuwa kando ya ziwa dogo kusini-mashariki mwa Cleveland tangu karne ya 19, ilinunuliwa na kampuni iliyomiliki Cedar Point mnamo 2004 kwa dola milioni 145. Mnamo Septemba 2007, siku chache tu baada ya msimu kwisha, kampuni hiyo ilitangaza kwamba michezo haitafunguliwa tena. Hapakuwa na machafuko ya kulaumiwa wala sheria mpya ya haki. Zilikuwa hesabu tu.

Ufuo baada ya bustani

Baada ya 1969, vifaa vya Euclid Beach vilitawanyika. Jukwaa la farasi wa mbao lilipelekwa jimbo la Maine, likarejeshwa Cleveland mnamo 1997, na baada ya ukarabati wa muda mrefu likaanza kuzunguka tena mnamo 2014 katika makumbusho ya historia ya jiji. Moja ya roketi za chuma zilizokuwa zikizungushwa angani iliwekwa juu ya magurudumu ya gari, nayo huonekana barabarani katika sherehe. Familia ya Humphrey iliendelea kuuza bisi na peremende zake.

Ardhi nayo iligawanywa. Sehemu ilijengwa majengo marefu, mengine yakiwa ya wazee. Ufuo wenyewe ukaingizwa katika hifadhi ya jimbo, kisha mnamo 2013 usimamizi ukakabidhiwa mamlaka ya hifadhi za eneo la Cleveland. Sehemu nyingine, upande wa magharibi, ilibaki kuwa mtaa wa nyumba za trela. Huko waliishi wastaafu na watu wa kipato kidogo ambao wengi walimiliki nyumba zao lakini hawakumiliki ardhi chini yake. Ni mahali pachache sana nchini Marekani ambapo mtu maskini aliweza kuamka na kuliona ziwa dirishani.

Mnamo 2021, shirika la kuhifadhi ardhi lilinunua mtaa huo, ekari 28. Mnamo Februari 2023 likatangaza kwamba mtaa utafungwa ili ardhi iungane na hifadhi na kuwa ya umma. Kaya zaidi ya 100 zilitakiwa kuhama, na 2024 ukawa mwaka wa kuondoka. Shirika liliahidi fidia na msaada wa kutafuta makazi. Wakazi wengi walipinga, wakisema kwamba trela ya miaka mingi haihamishiki bila kuvunjika, na kwamba hakuna kiasi cha fedha kitakachowapatia tena nyumba ya bei hiyo kando ya maji.

Hoja ya shirika haikuwa ya kupuuzwa. Wakazi wa mitaa inayozunguka eneo hilo, ambao wengi wao leo ni Weusi, kwa muda mrefu walikuwa na sehemu ndogo ya ufuo kuliko ile iliyokuwa ya watu binafsi. Kuifungua ardhi kwa wote ni kurekebisha kosa la zamani. Lakini marekebisho hayo yalimwangukia mstaafu wa kwenye trela, mtu ambaye hakumfukuza yeyote mnamo 1946 na hakuchafua ziwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Hapa ndipo historia ya bustani iliyotoweka inapokuwa na faida kuliko kumbukumbu za bisi. Familia ya Humphrey iliamini kwa dhati kwamba imewafungulia watu wote ufuo, na kwa kipimo cha waliokuwa ndani, ilikuwa kweli. Kipimo hicho ndicho kilichokuwa na kasoro. Bustani, klabu, mtaa wa trela na hifadhi ya umma vyote vimetangazwa kwa zamu yake kuwa matumizi bora ya kipande kile kile cha ardhi. Kila mara, aliyetangaza alikuwa na hakika kwamba waliotakiwa kukaa pembeni walikuwa wachache na kwamba wangepata mahali pengine.

Ziwa Erie lenyewe limepona kwa kiasi fulani. Sheria ya maji safi ya 1972, na makubaliano yaliyotiwa saini mwaka huo huo kati ya Marekani na Canada, yalipunguza fosforasi na maji taka, ingawa mwani umerudi katika miaka ya karibuni, hasa upande wa magharibi. Hilo linathibitisha kwamba kilichoharibiwa na maamuzi ya watu kinaweza kutengenezwa na maamuzi ya watu.

Lilo hilo laweza kusemwa kuhusu haki ya kufika majini. Haikupatikana kwa ukarimu wa mwenye bustani. Ilipatikana kwa vijana waliorudi langoni mara tatu katika msimu mmoja, kwa askari wawili waliokataa kutazama pembeni, na kwa diwani aliyeunganisha leseni na haki. Wapangaji wa hifadhi mpya ya Euclid Beach watakuwa wameielewa historia ya mahali hapo iwapo, kabla ya kupanda nyasi na kujenga njia za kutembelea, watakuwa wamehakikisha kwamba waliohamishwa wamepata pa kuishi, na kwamba jirani asiye na gari anafika ufuoni kwa nauli moja ya basi.